Mizani ya Mzee Vitasa

Ripoti niliiandika mwenyewe Jumatatu asubuhi, na sikuwa na chembe ya shaka. "Mgonjwa hana lugha iliyobaki. Anatoa sauti zisizo na maana. Haelewi anachoambiwa." Mistari mitatu, sahihi, muhuri. Nikaenda kunywa chai.

Kazi yangu ni kuandika sauti. Sikusema maneno, nimesema sauti. Watu waliopigwa na kiharusi huletwa kwenye chumba changu mwisho wa ukumbi, karibu na stoo ya mashuka, wakaongea wanavyoweza, nami nikanakili kila kinachotoka mdomoni mwao kwa alama maalumu, alama moja kwa sauti moja. "Sh" yenu ya herufi mbili kwangu ni alama moja yenye shingo ndefu. "Ng'" ni n yenye mkia. Silabi inayokazwa naitangulizia kijistari kilichosimama wima. Daktari akitaka kujua ulimi wa mgonjwa umekwama wapi, anasoma karatasi yangu.

Wenzangu huandika kwenye karatasi za kawaida. Mimi natumia daftari la hesabu, lile la miraba, silabi moja kwenye mraba mmoja, kwa sababu mwandiko wangu ni mbaya na mkuu wangu wa kwanza aliwahi kuniuliza kama nimemfundisha kuku kuandika. Ndiyo maana hospitali nzima wananiita Bi Miraba. Hilo ni jina la usoni. Nyuma ya mgongo wana mengine, maana mimi si mtu wa kuchekacheka, na anayefungua mlango wangu bila kubisha huambiwa ukweli wake hapo hapo.

Sharti la kazi hii ni moja tu: usisikilize maana. Ukiitafuta maana, sikio litakuletea kile unachotaka kusikia, na karatasi yako itakuwa ya uongo. Miaka thelathini nimelishika sharti hilo, na nilijivunia. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikujua kama walikuwa wananisema mimi.

Mgonjwa alikuwa fundi wa kufuli na vitasa, mtaani kwao wanamwita Mzee Vitasa. Kiharusi kilimkuta kazini, bisibisi mkononi, amepiga magoti mbele ya mlango wa mtu. Kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na maneno yote. Hakuwa bubu. Aliongea kutwa! Sauti zilimtoka kama bomba lililoachwa wazi, kwa kukohoa, kwa kukwama, kwa kuvuta pumzi, mate yakimchuruzika upande mmoja, lakini hukuweza kuokota neno hata moja humo ndani. Ukimwambia "fumba macho," anakutazama. Ukimwonyesha kikombe na kijiko ukamwambia ashike kijiko, anashika shuka. Mitihani yangu yote alianguka.

Mkewe alikuwa mshona sare za shule, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakubanduka kitandani pale. Kila nikiingia namkuta anamfuta mdomo au anamkunja vidole vya mkono uliokufa, kimoja kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo ametunga sana."

"Ametunga nini?"

"Mashairi. Kwani wewe humsikii?"

Nikampa lile tabasamu tunalofundishwa kuwapa ndugu wa wagonjwa. Nimeona wake wengi. Kuna mmoja aliniapia kwamba mumewe anamwita jina lake, kumbe mtu wa watu alikuwa anakoroma.

Lakini huyu hakuwa wa kukatizwa maneno. Alinieleza kwamba yeye na mumewe, tangu waoane, ugomvi wao wote wamegombana kwa mashairi. Chai ikiwa baridi, shairi. Akichelewa kurudi, shairi. Mmoja anaanza, mwingine anajibu kwa vina vilevile, yaani mistari yake ikomee kwa sauti zilezile alizokomea mwenzake.

"Na anayeshindwa kujibu?" nikamuuliza, kwa kumridhisha tu.

"Anaosha vyombo. Baba yao ameosha vyombo mara mbili tu kwa miaka arobaini na mitatu." Akashika kidole kingine cha mumewe, akakikunja. "Mwanangu, nasikia wewe ndiye unayeandika kama mtu yupo au hayupo."

Hapo nikajua tunakokwenda. Kifungua mimba wao, msimamizi wa ujenzi wa madaraja, alikuwa anajiandaa kuja. Ijumaa angefika na gari kumchukua baba yake, ampeleke kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa karibu na anakofanya kazi, safari ya siku mbili. Nyumba hiyo haipokei wake wala waume, vitanda ni vya wagonjwa tu. Mama angebaki kwa binti yake. Na ili mtoto asaini kwa niaba ya baba, lazima hospitali ithibitishe kwamba baba haelewi lolote. Uthibitisho ulikuwa ile mistari yangu mitatu.

"Nimeshaandika, mama," nikasema.

Hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Basi nilitaka anizike au nimzike," akasema. "Sikutaka tuzikwe mbalimbali."

Nikatoka. Nilimfokea mfagizi kwa sababu ya ndoo.

Jumatano daktari alitaka ukurasa mmoja wa mfano, uambatanishwe na ripoti. Nilikuwa na kanda niliyomrekodi mzee Jumanne. Nikavaa visikilizi, nikachonga penseli, nikafungua daftari. Kawaida yangu, kila mgonjwa anapotua kabisa, nateremka mstari mpya. Kikohozi nakiacha. Nikaandika kama fundi anavyopanga matofali, mraba baada ya mraba, nikiwaza kitu nitakachopika.

Mstari wa kwanza ukaishia mraba wa kumi na sita. Wa pili ukaishia mraba wa kumi na sita. Wa tatu vilevile. Nikajitukana. Nikadhani nimechoka, mkono unajiendea wenyewe, nikafuta wa tatu na kuurudia kutoka kwenye kanda, polepole, silabi kwa silabi. Kumi na sita.

Kwa herufi zenu, kilichokuwa pale ni hiki:

*Tumbelo sakiri ngana, palume dofi shekilo,*
*ng'orema bita luzana, shumari kele vumilo,*
*fisolo kedi murana, tendule bashi gosilo.*

Msihangaike kutafuta maana, hakuna. Tazameni nilichokitazama mimi. Mraba wa nane, kutoka juu kwenda chini: na, na, na. Mraba wa kumi na sita: lo, lo, lo. Na vile vijistari vyangu vya mkazo vilisimama kwenye mraba wa saba na wa kumi na tano, juu na chini, bila hata kimoja kutoka nje ya mstari. Silabi nane, kituo kidogo, silabi nane. Hiyo ndiyo mizani. Hata mtoto wa shule anaijua, na mimi nilipokuwa mtoto wa shule niliichukia.

Nywele zilinisimama. Nilivua visikilizi, nikaangalia mlangoni kama kuna mtu ananifanyia mzaha. Hakukuwa na mtu, mashuka tu yalikuwa yanapita kwenye toroli.

Nikaendelea. Mstari wa nne ukaufunga ubeti. Kisha akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaanza upya na vina vingine kabisa, ri na ma, mistari minne. Kisha vingine. Kanda ile ilikuwa na beti kumi na mbili, na nikazihesabu zote kwa ncha ya penseli, kisha nikazihesabu kwa kurudi nyuma kama tunavyohakiki. Hakuna mstari uliopungua. Hakuna uliozidi. Mimi na ulimi wangu mzima, na vyeti vyangu ukutani, nisingeweza kutunga ubeti mmoja wa namna ile hata ungenifungia ndani kwa wiki. Na huyu alikuwa hana neno! Kiharusi kilikuwa kimebeba kila kitu cha ndani, vyombo, samani, hata misumari ya ukutani, na nyumba bado ilikuwa imesimama.

Masikio yangu yalikuwa yamekaa mita moja kutoka kwake siku nzima ya Jumanne, na hayakuisikia mizani hiyo. Kikohozi kiliificha, na mate, na kukwama kwake. Lakini nisijitetee. Mkewe aliisikia kupitia kikohozi hichohicho.

Alhamisi asubuhi niliingia wodini bila kalamu ya ripoti. Nilikuwa na daftari la miraba na moyo unaonidunda kama wa mwanafunzi. Mimi ni mtu wa kutilia shaka, na usiku ulikuwa umenirudishia shaka zangu: labda ni mazoea ya mdomo tu, kama mguu wa mshona nguo unavyokanyaga hata akiwa amelala. Kulikuwa na njia moja ya kujua.

"Mama," nikasema, "mtupie mstari. Vina ambavyo hajavitumia."

Hakuniuliza kwa nini. Alimgeukia mumewe, akaweka mkono kiunoni, akabadilika sauti, ghafla akawa mwanamke wa miaka thelathini anayetafuta ugomvi:

"*Kitasa chako kibovu, mlango haufunguki!*"

Mzee alicheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, ile nusu aliyoachiwa, mabega yakamtikisika. Kisha akainua kidevu, na ikaja, kwa kukwama na kwa mate:

"*Selumo paki teguvu... shandole miri banuki.*"

Nilikuwa naandika. Mraba wa nane, vu. Mraba wa kumi na sita, ki. Alivipokea vina vyake mkononi mwa mkewe, vya moto moto, akavirudisha mahali pake. Mazoea hayawezi kufanya hivyo. Ili ujibu, lazima usikie. Ili usikie, lazima uwepo.

Machozi yakanitoka, mbele ya wodi nzima. Mama alinitazama juu ya miwani yake.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia. Nisamehe, mama."

"Sina haja ya samahani yako. Futa ulichoandika."

Nilienda kwa daktari mbio, daftari kifuani. Akaisikiliza hadithi yangu yote huku anatazama saa. Ni mtu mzuri, ila ana wagonjwa themanini.

"Bi Miraba, hata kasuku anafuata sauti."

"Kasuku hahesabu."

"Sawa. Nifute ripoti niandike nini? Kwamba mgonjwa haelewi kijiko lakini anaelewa vina?" Akasugua macho. "Anayesaini ni mtoto. Ukimshawishi yeye, mimi sina neno."

Ijumaa saa nne mtoto akafika. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nikashindwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, macho mekundu kwa safari, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumshika mama yake viganja na kuvigeuza juu. Vilikuwa vimegeuka rangi kwa kufua mashuka.

"Unaona, dada?" akaniambia. "Ana miaka sabini. Anamgeuza, anamwosha, anambeba. Nikimwacha na kazi hii nitawazika wote wawili."

Nilimwonyesha kurasa zangu. Alizisoma kweli, kwa makini, kidole kikishuka kwenye mraba wa nane, kisha wa kumi na sita. Watu wa madaraja wanaheshimu hesabu. Alipomaliza alilifunga daftari taratibu na kunirudishia.

"Hesabu ni sahihi," akasema. "Lakini injini inaweza kunguruma vizuri na gari halina dereva. Baba yangu alikuwa ananiita kwa jina. Juzi kwenye simu nimemsalimu, kanijibu mapovu. Msimpe mama yangu matumaini ya bure, tafadhali."

Akatoa fomu kwenye bahasha, akaiweka juu ya shuka, karibu na miguu ya baba yake, akatafuta kalamu mifukoni.

Hapo hasira zangu zikapanda. "Umemsalimu kwa simu, kwa maneno," nikasema, na sauti yangu ilisikika hadi kitanda cha mwisho. "Maneno hana! Umebisha hodi kwenye mlango uliozibwa kisha unasema wenyewe wamehama. Bisha pale anapofungua. Mtupie mstari."

"Sijatunga tangu nikiwa mdogo."

"Basi tunga vibaya."

Akamtazama mama yake. Mama alisogea, akamwachia nafasi yake kando ya kitanda. Yule mtu mzima akasimama pale na mikono yake mikubwa, aibu imemjaa, wagonjwa wa pembeni wote wamegeuza vichwa. Alimeza mate. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa ndogo.

"*Baba mimi ni mwanao... waijua sauti.*"

Nilikuwa nimeshika penseli. Tulisubiri.

Mzee hakujibu. Alikuwa anamtazama mwanawe, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Yeye ambaye hakunyamaza kutwa, alinyamaza. Mtoto alitikisa kichwa polepole, siyo kwa ushindi, akainama kuichukua fomu.

Ndipo mkono wa kushoto wa mzee ukainuka. Ukashuka kwenye chuma cha kitanda, na kidole cha shahada kikaanza kugonga. Ta, ta, ta, ta. Moja baada ya nyingine, bila haraka. Nane. Kikatua. Kikaanza tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Kisha kidole kikainuka na kubaki juu. Hakikushuka. Kilibaki hewani, kinatetemeka kwa juhudi, na macho ya mzee yalikuwa kwa mwanawe, makali, yanangoja.

Nilitazama daftari langu. *Wa-i-ju-a-sa-u-ti.* Kwenye nusu ya pili ya mstari, miraba saba ilikuwa na alama. Wa nane ulikuwa mtupu. Wodi ilikuwa na watu ishirini wenye akili timamu, mimi mmoja wao nikiwa na penseli mkononi, na aliyeona pengo lile alikuwa yule tuliyemwandikia kwamba haelewi. Sijawahi kuogopa mbele ya binadamu mwenzangu kama nilivyoogopa dakika ile, na ilikuwa hofu nzuri. Nilitaka kusimama, nikakumbuka kwamba nimeshasimama.

Mtoto naye aliona. Midomo yake ilikuwa inahesabu kimyakimya, vidole vyake vikijikunja mapajani. Alipofika saba uso ukamwanguka kabisa.

"Imepungua," akanong'ona. "Baba, imepungua moja."

Kidole kikaendelea kungoja.

Akapiga magoti, yule mtu mzima, mpaka uso wake ukawa sawa na wa baba yake. "*Baba mimi ni mwanao,*" akasema, machozi yakimwingia mdomoni, "*je, waijua sauti?*"

Kidole kikashuka. Ta.

Na mzee akajibu papo hapo, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kumwandikia, mate yakiruka, shingo imemsimama mishipa:

"*Lukemba sori tivao, nemishe kolu farati!*"

Sikuiandika. Penseli ilikuwa imeanguka. Niliihesabu baadaye, kwa kumbukumbu, na ilikuwa kamili, na vina vyake vilikuwa vya mwanawe.

Mtoto alilaza paji la uso kwenye ule mkono wa kushoto, akakaa hivyo muda mrefu. Mama alimwacha. Alipoinuka aliikunja fomu mara mbili, mara nne, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali kama risiti ya kitu kilichokwisha kuliwa.

"Anarudi nyumbani," akasema. "Nitatafuta mtu wa kumbeba na kufua. Wewe, mama, utakaa naye tu."

"Nitagombana naye," mama akasahihisha.

Mtoto akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alimtazama baba yake, kisha mama yake, na nikamwona anageuka kidogo kidogo kuwa mtoto.

"Mama, amesema nini?"

Mama alikuwa anamfuta mzee mdomo.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Lakini zamu ni yako."